Mchezo Ulio Dawa: Wito Usiotajwa Majumbani Mwetu



Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, swali moja huzunguka majumbani mwetu, kutoka Likoni hadi Kisauni, kutoka Malindi hadi Lamu: mtoto asomee nini? Majibu nayo twayajua kwa moyo. Asomee udaktari, uhandisi, sheria au uhasibu. Akikosa hayo, aende akatafute biashara. Wiki hii twapenda kuweka mbele ya wazazi na vijana wetu fani ambayo aghalabu haitajwi katika mazungumzo hayo, nayo ni tiba kwa njia ya michezo na burudani. Twajua kuwa wako watakaocheka na kuuliza: kucheza nako ni kazi ya kusomewa? Swali hilo ni la haki, na makala haya yamekusudiwa kulijibu.

Tuanze na haja yenyewe, kwa kuwa kazi isiyo na haja haina wito. Katika mitaa yetu wamo watu wengi ambao hospitali imewaokoa na mauti lakini maisha hayajawarudia. Yuko mkwezi aliyeanguka mnazini akaumia uti wa mgongo. Yuko kijana aliyepata ajali ya bodaboda. Yuko mzee aliyepatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalegea. Yuko bibi ambaye kumbukumbu zamtoka kidogo kidogo, na yuko mtoto mwenye usonji ambaye hajapata mwenziwe wa kucheza naye. Jamaa zao hawakuwatupa. Huwalisha, huwaogesha, huwapa dawa kwa saa zake. Lakini yakiisha hayo, mgonjwa huketishwa pembeni, akatazama ukuta au televisheni tangu asubuhi hadi usiku. Atakayeuliza huambiwa: mwacheni apumzike.

Neno hilo husemwa kwa mapenzi, ila pumziko lisilo na mwisho huwa ni maradhi ya pili. Misuli isiyotumiwa hunyong'onyea. Viungo hukakamaa. Anayesinzia mchana kutwa hukesha usiku. Ulimi usio na wa kusema naye huzoea kimya, na moyo usio na la kungojea huingiwa na huzuni ambayo jamaa huidhania kuwa ni sehemu ya ugonjwa wa kwanza. Mwili wa mgonjwa una wa kuutunza. Siku yake haina mwenyewe. Fani tunayoizungumzia imezaliwa ili siku hiyo nayo ipate mtunzaji.

Wazo lenyewe si geni, wala halikuanzia katika vyuo vya zama zetu. Katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali pamoja na msikiti na madrasa, na ujenzi ukakamilika mwaka 1488. Msafiri mashuhuri Evliya Çelebi, aliyeuzuru mji huo katika karne ya 17, aliandika kwamba hospitali ile iliwekewa waimbaji na wapiga ala kumi, waliowatumbuiza wagonjwa mara tatu kila wiki, wakiwemo wagonjwa wa akili. Katikati ya jengo palikuwa na chemchemi ya maji, na sauti yake ikihesabiwa kuwa sehemu ya tiba. Siku hizi jengo hilo ni makumbusho ya historia ya utabibu. Watu wale hawakuwa na mashine zetu wala dawa zetu, lakini walikwisha kutambua kwamba mgonjwa haponi kwa dawa peke yake.

Hata hivyo, mtu aliyeudhihirishia ulimwengu wa leo kwamba mchezo waweza kuandikwa kama dawa ni daktari Ludwig Guttmann. Mwanzo wa habari yake ni mwaka 1917. Alikuwa bado kijana, akijitolea kama mhudumu katika hospitali moja ya wachimba makaa ya mawe nchini Ujerumani alikozaliwa. Siku hiyo aliletwa mchimbaji mmoja, kijana mwenye nguvu, aliyevunjika uti wa mgongo. Guttmann alipoanza kuandika maelezo ya mgonjwa huyo, aliambiwa asijisumbue, kwani baada ya wiki chache mtu yule angekuwa amekwisha kufa. Na ikawa hivyo. Baada ya kiasi cha wiki tano alifariki, si kwa mfupa uliovunjika, bali kwa uambukizo ulioenea mwilini. Guttmann hakumsahau mtu yule maisha yake yote.

Guttmann alikuwa Myahudi. Mwaka 1939 aliikimbia Ujerumani ya Hitler pamoja na familia yake, akapata hifadhi Uingereza. Mwaka 1944, vita vikiwa vimepamba moto na majeruhi wengi wakitarajiwa, serikali ya huko ilimkabidhi kituo kipya cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Wakati huo wengi waliamini kwamba aliyepooza miguu ni mtu wa kufichwa na kutulizwa mpaka afe. Guttmann aliyakataa hayo mawili, kufichwa na kungojea kufa. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili wasipate vidonda vya kitandani, na akakazania utunzaji wa njia ya mkojo. Kwa hayo aliuhifadhi mwili.

Kisha akaigeukia siku ya mgonjwa. Wagonjwa walipewa kazi za mikono, kama useremala na kutengeneza saa, na baada ya hapo michezo. Yasimuliwa kwamba mojawapo ya michezo ya mwanzo ilianza pale wagonjwa walipokuwa wakigombea kigae uwanjani wakiwa katika viti vyao vya magurudumu, wakikipiga kwa bakora walizozishika juu chini. Ukaja mpira wa kikapu, ukaja na ulengaji wa shabaha kwa upinde na mshale. Huu wa mwisho ulipendwa kwa sababu za kitabibu. Kuuvuta upinde hutia nguvu mikono, mabega na mgongo, ambavyo ndivyo viungo anavyovitegemea mtu wa kiti cha magurudumu ili ajiinue, ajigeuze na ajisukume. Tena katika mchezo huo aliyeketi aweza kushindana na aliyesimama bila ya mmoja kumhurumia mwenziwe.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini London, Guttmann aliandaa mashindano ya upinde katika uwanja wa hospitali yake. Washiriki walikuwa 16, wanaume 14 na wanawake wawili, wote wakiwa wamepata kuwa askari. Mwaka 1952 walijiunga Waholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 mjini Roma walikusanyika wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, na mkusanyiko huo ndio unaohesabiwa leo kuwa Michezo ya Paralimpiki ya kwanza. Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1972, mjini Heidelberg.

Habari hii twaileta kwa sababu ya fundisho lililomo, na fundisho lenyewe si medali. Guttmann hakuanza kwa kutafuta mabingwa. Alitaka mtu aliyekuwa akingojea kufa arudi nyumbani kwake, arudi kazini, awe miongoni mwa walipa kodi. Mchezo ulikuwa njia ya kufikia huko, nao ulichaguliwa kama dawa ichaguliwavyo, kwa sababu inayojulikana, kwa kipimo maalumu, na kwa mgonjwa maalumu.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya burudani ya kawaida na burudani iliyo tiba. Mtaalamu wa fani hii hupita hatua nne. Kwanza hupima: mgonjwa aweza nini, hawezi nini, na kabla ya kuugua alikuwa akipenda nini. Pili hupanga, yaani huweka lengo linaloweza kuonekana kwa macho na muda wa kulifikia. Tatu hutekeleza, akiwa pamoja na mgonjwa. Nne hutathmini: lengo limefikiwa au halikufikiwa, na kama halikufikiwa, ni kipi cha kubadilishwa? Yote hayo huyaandika katika faili, ambalo daktari, muuguzi na mtaalamu wa tiba ya viungo huweza kulisoma.

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Katika uji wamesema kweli, lakini katika fani hii mgonjwa huulizwa kwanza. Shughuli asiyoipenda hataifanya, na akiifanya haitamfaa sana.

Tuchukue mfano wa hapa hapa petu. Mzee mmoja amepatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia umelegea na maneno yamkwama. Kabla ya hapo alikuwa bingwa wa bao mtaani. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mtazamaji wa kawaida ataona mchezo wa wazee barazani. Mtaalamu ataona mambo manne kwa pamoja. Kuokota kete kwa ncha za vidole ni zoezi la mkono uliolegea. Kuzitia moja moja katika kila shimo ni zoezi la kuoanisha jicho na mkono. Kuhesabu na kuona mbele, kete ya mwisho itaangukia wapi, ni zoezi la akili. Kumkejeli mpinzani ni zoezi la ulimi, tena ndilo zoezi ambalo mzee huyo atalifanya bila ya kuombwa.

Basi mtaalamu hatasema tu: mpelekeni mzee akacheze. Atasema kwamba wiki ya kwanza achezee nyumbani na mjukuu, robo saa, kwa kete kubwa zaidi ikiwa vidole havijashika. Wiki ya tatu acheze nusu saa. Baada ya mwezi atoke hadi barazani, awekwe kwenye kiti chenye egemeo, upande wake dhaifu utegemezwe kwa mto. Atahesabu ni kete ngapi mzee aliokota bila ya kuangusha wiki ya kwanza, na ni ngapi wiki ya nne. Hesabu hiyo ndiyo inayomtenga na mwenye kupisha wakati.

Hali kadhalika kwa ushonaji wa kofia za vito, usukaji wa ukili, kilimo cha mboga uani, dhumna, utungaji wa mashairi, na kuogelea baharini kwa anayeruhusiwa na daktari wake. Pwani yetu haikukosa vifaa. Imekosa watu waliofundishwa namna ya kuvigeuza kuwa tiba. Wala si kila mchezo humfaa kila mgonjwa. Mwenye ugonjwa wa moyo ana mipaka yake. Mwenye kisukari hujihadhari na vidonda vya miguu. Mwenye kifafa haachwi peke yake majini. Ndiyo maana twasema kazi hii yasomewa. Nia njema isiyo na elimu yaweza kuumiza.

Je, ni kijana gani anayefaa? Si lazima awe bingwa wa michezo. Awe na subira, kwani mgonjwa huenda akarudia jambo moja siku arobaini kabla halijamtoka sawasawa. Awe mwenye kutazama sana na kusema kidogo. Awe na adabu na wazee na asiwaone watu wenye ulemavu kuwa ni watu wa kuhurumiwa tu. Awe mwenye kuficha siri, maana ataingia katika nyumba za watu na kuyaona mengi. Na awe ni mtu aliyeridhika na maendeleo madogo. Wako watoto wa namna hiyo majumbani mwetu. Ni yule binti ambaye wadogo zake humfuata kila aendako, au yule mvulana ambaye babu yake hali chakula mpaka aketi naye. Twawaambia waache mchezo wakasome, ilhali hicho twachokiita mchezo huenda ndicho kipaji chao.

Kwa mabinti haja ni kubwa zaidi. Wako akina mama wengi wanaokatiza matibabu yao kwa kuona haya kushikwa mkono au kuinuliwa na mwanamume asiyekuwa jamaa yao. Mama kama huyo akimpata mtaalamu mwanamke, anayezungumza lugha yake na kuijua staha ya nyumba yake, atakubali kutoka kitandani. Mzazi anayesita kumruhusu bintiye kusomea kazi za hospitali na amfikirie mama huyo.

Sasa tuzungumze njia. Huko Marekani fani hii imekwisha kuwa na sura yake kamili. Tangu mwaka 1981 liko baraza la kitaifa linalowapa vyeti wataalamu wa tiba ya burudani. Anayekitaka cheti kwa njia ya masomo hutakiwa kuwa na shahada, afanye mazoezi ya kazi yasiyopungua wiki 14 na saa 560, kisha afaulu mtihani. Wataalamu hao hufanya kazi katika hospitali, katika vituo vya waliojeruhiwa vitani, katika makao ya wazee na katika shule za watoto wenye mahitaji maalumu.

Hapa Kenya, kijana asitarajie kulikuta jina hilo likiwa limeandikwa mlangoni. Mlango ulio karibu zaidi ni ule wa tiba kazi, yaani elimu ya kumrudisha mgonjwa katika shughuli za maisha yake, kuanzia kuvaa na kula hadi kazi na burudani. Stashahada ya fani hiyo hufundishwa na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, kijulikanacho kama KMTC. Mlango wa pili ni elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, ambayo taasisi yake ya kitaifa, KISE, ilianzishwa mwaka 1986 jijini Nairobi. Mlango wa tatu ni shahada za mazoezi ya mwili na burudani zitolewazo na baadhi ya vyuo vikuu, ambazo huhitaji kuongezewa ujuzi wa wagonjwa. Mwenye nia aulize chuo chenyewe masharti ya mwaka huo kabla ya kulipa chochote, na somo la Biolojia alishughulikie tangu mwanzo wa masomo ya sekondari.

Hatutaki kumpamba kijana kwa ahadi. Nafasi za ajira serikalini si nyingi, na mshahara wa mwanzo haulingani na wa daktari. Wako watakaosomea haya kisha wakangojea. Lakini haja haitapungua. Wazee wanaongezeka, kiharusi na kisukari vimeingia katika kila mtaa, na ajali za barabarani hatuna haja ya kuzisimulia. Hapa Mombasa tunao mfano wa kutupa moyo. Karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 chini ya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini, zimewapa watu wenye ulemavu kazi ya kutengeneza mapambo, nguo na bidhaa nyinginezo kwa zaidi ya miaka hamsini. Aliyepita hapo ameshuhudia kwa macho yake kwamba mikono ikipewa shughuli, mtu mzima hurudi pamoja nayo.

Mpaka watakapopatikana wataalamu hao, nyumba isikae bure. Mwenye mgonjwa na aanze na mambo matatu yasiyohitaji shahada. Amuulize mgonjwa wake alikuwa akipenda nini. Amwombe daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo amwambie kilicho salama na kisicho salama. Kisha katika kila siku amwekee saa moja ijulikanayo, yenye shughuli na yenye mwenziwe, ili akiamka asubuhi awe na jambo la kungojea. Baraza zetu nazo zifungue nafasi. Kiti cha magurudumu hakizuii watu kupita, na mzee anayegugumia bado aweza kukushinda bao.

Na mzazi ambaye mwanawe atamjia wiki hii na kumwambia kuwa ataka kusomea kuwarudishia wagonjwa furaha na nguvu zao, asimcheke. Amketishe, amsikilize, kisha waende pamoja hospitali iliyo karibu, wakaombe kumwona mtaalamu wa tiba kazi akiwa kazini. Asubuhi moja yatosha. Hapo mzazi atajionea mwenyewe kama mwanawe ana mkono wa kazi hiyo, na mtoto ataujua uzito wake kabla ya kuuchagua.

Wiki ijayo, inshallah, tutaendelea na mfululizo huu wa kazi na wito.